Mke wa Mtu Niliyemshtaki

Kazi yangu ya kwanza nilitafutiwa na mama mmoja jirani yetu. Mume wake, ambaye wafanyakazi walimwita Patro, alikuwa na depo ya unga na sukari karibu na bandari ya Kalemie, na mama huyo njo alimwambia anichukue, maana alijua nyumbani tulimtegemea dada yangu mkubwa peke yake. Kazi yangu ilikuwa kupokea mizigo inayotoka Kigoma. Kila mchana yule mama alinitumia ugali na samaki, kama mutoto wake.

Siku moja wenzangu walikuwa bandarini wakipakua boti. Patro akaniita stoo tuangalie magunia yaliyolowa, akafunga mlango. Yaliyotokea nimeshayaeleza mbele ya daktari na mbele ya hakimu. Hapa inatosha kusema kwamba nilikataa, nikalia, na hakuacha.

Dada alinikuta uani kwetu nimeshika ndoo ya maji. Aliuliza, nikasema.

"Usioge kwanza," alisema. "Twende hospitali."

Daktari alinipima, akanipa dawa za kuzuia magonjwa na mimba, akaandika cheti bila kudai malipo. Kisha akatuelekeza kwa avoka mmoja, mwanasheria mwanamke anayesaidia wenye shida kama yangu.

Mbele ya avoka nilianza kwa kujilaumu. Nilisema nilimfuata stoo kwa miguu yangu mwenyewe.

"Patro alikuita kwa kazi, ukaenda kwa kazi," alisema. "Kosa ni lake."

Akanieleza njia zilizokuwepo. Ningeweza kupeleka malalamiko kwa polisi wanaoshughulikia wanawake na watoto, au moja kwa moja parke, ofisi ya mwendesha mashtaka. Katika kesi hiyohiyo ningeweza kudai fidia, na kuomba isikilizwe milango ikiwa imefungwa. Kuhusu kazi, nikiiacha kwa sababu ya jambo hilo, haihesabiwi kwamba nimeondoka kwa kupenda kwangu. Ningeweza kumwona inspekta wa kazi ili nidai haki zangu.

"Hakuna anayekulazimisha," alisema. "Utachagua mwenyewe."

"Na mke wake?" nikauliza.

"Hilo sheria haina jibu lake, mutoto wangu."

Nilishtaki. Patro alipokamatwa, wajomba zake walikuja kwa boti kutoka Moba wakiwa na mbuzi, wakaketi kwetu wakitaka tumalize kifamilia. Baba yetu mdogo alikuwa karibu kukubali. Na mimi pia, kwa ajili ya yule mama. Dada akampigia avoka simu. Avoka akasema kesi ya ubakaji haifutwi kwa mapatano ya familia, parke itaendelea. Niliposikia kwamba uamuzi umetoka mikononi mwangu nilipumua, kisha nikaona haya kwa kupumua.

Siku chache baadaye yule mama akaja mwenyewe. Alikataa kiti.

"Nilikutendea nini mimi?"

"Hakuna, Mama."

"Basi ungeniambia mimi kwanza."

Nikamwomba msamaha. Dada akatoka jikoni na mwiko mkononi.

"Mama, huyu hana cha kuombea msamaha. Mume wako njo wa kuulizwa."

"Najua," alisema mama, akiangalia chini. "Lakini yeye yuko gereza. Huyu njo niko namuona."

Patro alihukumiwa. Depo ikafungwa, na mama akarudi kwa wazazi wake Kirungu kulima, pamoja na watoto wake. Niliambiwa mkubwa wao ameacha masomo. Siku ile sikula. Avoka alikuwa amenieleza vizuri nani ana kosa, na nilimwamini, ila moyo wangu haukusikia.

Mwaka huu msichana anayefanya kazi hotelini alikuja kuniomba nimsindikize kwa yule avoka. Aliniuliza kama atajuta akishtaki. Nilimwambia mimi sijutii kushtaki, lakini huenda akajiona mwenye kosa mbele ya watu ambao hakuwakosea, na hali hiyo ikadumu. Kisha akajifunga kitenge vizuri, tukaenda.