Siku Nilipomfasiria Mama Wimbo wa Kaka

Kaka yangu aliimba kwamba hakuja kumzika baba kwa sababu alikuwa amelewa. Sisi alituambia basi liliharibika njiani.

Wimbo ulitukuta shambani, Nyangamara, msimu wa korosho. Mimi na mama tulikuwa tukiokota mabibo na kunyonga korosho zake, binti wa jirani akaja na simu mkononi. "Bibi, msikie mwanao! Redio zote ni yeye."

Mama akasikiliza mpaka mwisho. Kaka anachana mistari upesi, kwa maneno ya vijana wa Dar, kwa hiyo mama aliambulia neno moja tu, "mama". Binti alipoondoka, akaniuliza, "Anasemaje?"

Ningeweza kumdanganya. Nilimweleza kwa Kimwera, mstari kwa mstari, kama ninayesoma cheti cha mgonjwa nisiyemjua. Kwamba siku ya mazishi alikuwa kalala na chupa, simu inaita. Kwamba tangu hapo hajamaliza wiki bila pombe. Kwamba kuna siku alitaka kujiua, mwenye nyumba akavunja mlango. Nilidhani nikifika hapo nitalia. Sikulia. Nilikuwa nimekufa ganzi.

Mama naye hakulia. Alinyonga korosho nyingine, akaitupa kwenye ndoo.

"Mpigie."

Kaka alipopokea, aliuliza kwanza, "Mama kausikia?"

"Kausikia. Nimemweleza."

"Yote?"

"Yote."

Mama akaichukua simu. "Kaburi la baba yako limeota majani," alisema. "Njoo ulifyeke."

Alifika siku ya nne, amekonda, miwani myeusi usoni.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba." Akampa panga.

Alifyeka peke yake, sisi tumesimama tunamtazama. Alipomaliza akaanza kusoma Yasini, akakwama. Mama akamtajia neno, akaendelea, akakwama tena. Walikwenda hivyo mpaka mwisho.

"Nisamehe, mama."

"Mimi nimekusamehe. Ya baba yako, muombe Mungu."

Alikaa nasi mpaka korosho zikaisha, kisha akarudi Dar. Anasema hanywi tena. Siku nyingine namwamini, siku nyingine simwamini, na zote napika, nalala, naamka.

Nikienda sokoni Lindi, watu wanaojua undugu wetu huniuliza wimbo ule una maana gani. Nawajibu, muulizeni mwenyewe.