Binti wa Simu Aliyefunga Kamba za Viatu

Mimi nina hasira. Naanza na hilo ili asije mtu akafika katikati akasema sikumwambia. Mama yangu kule Lembeni anasema nilizaliwa nimekunja ngumi, mkunga akacheka. Sekondari nilikuwa nasimamishwa mbele ya paredi, si kwa utoro wala wizi, ila kwa kujibu. Mwalimu akiwa na neno lake, na mimi nina la kwangu. Nimemaliza kidato cha nne hivyo hivyo, nikaolewa hivyo hivyo.

Sasa fikiria mtu wa namna hiyo anawekewa na mumewe gemu kwenye simu, anaambiwa ni ya kumtoa upweke, na mhusika wake mkuu ni binti wa miaka kama kumi na sita ambaye hamjibu mtu. Nilimchukia siku hiyo hiyo.

Nilikuwa kijijini Mamba, kwa mama mkwe, na mtoto mchanga. Ndivyo inavyokwenda kwetu: ukijifungua mtoto wa kwanza unapandishwa mlimani kwa mama wa mume. Unakandwa maji ya moto, unapewa uji wa pilipili manga mpaka pua inavuja, miezi mitatu hushiki jembe wala ndoo. Mimi sikuwa na ugomvi na hilo. Nani anakataa kulishwa? Ugomvi wangu ulikuwa na baridi. Mtu wa Lembeni, tumezoea jua linalochoma mpaka reli, unampeleka mahali ambapo ukungu unaingia jikoni saa tisa mchana kama jirani asiyebisha hodi. Mtandao nao ni wa kubahatisha, unaupata ukisimama kwenye jiwe moja nyuma ya zizi. Ndiyo maana mume wangu, ambaye alibaki Same kazini, alitafuta gemu isiyohitaji mtandao.

Yule binti anaishi katika mji uliojengwa juu ya mwamba, wenye ukuta pande zote. Kazi yake ni kuwasha taa za lango. Haruhusiwi kutoka. Yeye anachotaka ni kitu kidogo tu: kuna mfereji unapita katikati ya mji na kutokea chini ya ukuta, naye anataka kwenda kuona maji yale yanaishia wapi. Basi. Hana upanga, hana bunduki, hapigani na mtu. Wazee wa mji wanamwita kila mara, wanamsimamisha, wanamwambia usifanye hiki, usipite pale. Maneno yao yanaandikwa chini kwa Kiingereza, na wewe unapewa majibu matatu ya kumchagulia. La kwanza la adabu, la pili la katikati, la tatu la shari.

Mimi nilikuwa nabonyeza la tatu. Kila mara. Unajua anafanya nini? Anafungua mdomo, anaufunga. Anainama, anafunga kamba za viatu taratibu kabisa, na mzee yuko pale juu ya kichwa chake anabwata. Akishasimama anasema, "Sawa." Anaondoka.

"Mjibu, mjinga wewe," nilikuwa namwambia. Mtoto ananyonya huku, kidole gumba kiko kwenye simu. "Mjibu, umekatwa ulimi?"

Mama mkwe alikuwa amekaa upande wa pili wa meko, anapukuchua maharage. Ni mama mwembamba, hana maneno mengi, na kile kilemba chake sijawahi kukiona kimelegea. Kwanza alidhani naongea na mtu kwenye simu.

"Unamgombeza nani?"

"Huyu binti wa gemu, mama. Wanamwonea, na yeye kazi kufunga viatu."

Alisogeza kigoda, akaangalia. Akaangalia sana.

"Viatu vyake vimefungwa vizuri tu," akasema.

"Ndiyo. Anazuga."

"Najua," akasema, akarudi kwenye maharage.

Tangu hapo ikawa kila mchana, ukungu ukiingia, kigoda kinasogea. Mimi nacheza na kutafsiri, yeye anapukuchua na kutoa maoni ambayo hakuna aliyeyaomba. Ndipo nikaanza kumfahamu yule binti vizuri, kwa sababu mama mkwe alikuwa anaona vitu ambavyo mimi kwa haraka zangu nilivipita.

Kwa mfano, ukiiweka simu chini bila kugusa kitu, binti hasimami tu kama mlingoti. Anapuliza nywele zilizomwangukia usoni. Anapiga kokoto teke, lakini teke dogo. Anaangalia kushoto, anaangalia kulia, halafu anapiga mluzi. Na kupiga mluzi mjini kwao ni marufuku, kibao kipo ukutani kabisa. Mimi nilicheza siku nyingi bila kujua, kwa sababu sikuwahi kumwacha apumue.

Akitumwa anakwenda. Wakimwambia apeleke mikate kwa walinzi, anaipeleka, na yote inafika, ila yeye amepitia juu ya mapaa badala ya barabarani. Wakimwambia afute vumbi kwenye ghala, analifuta, na anarudisha kila kitu mahali ambapo siyo pake. Siku moja alikwenda kwenye zizi la punda wa mkubwa wa mji, akafungua mlango, akaenda zake kuwasha taa.

"Haya, sasa amekuwa mwizi," nikasema.

"Mwizi wa nini?"

"Si kaiba punda, mama?"

"Kafungua mlango. Aliyetoka ni punda."

"Mama, hiyo ni kesi."

"Iko wapi kesi hapo? Muulize punda."

Nilicheka mpaka mtoto akaachia ziwa akalia.

Sasa nieleze kilichonichoma. Mimi ni fundi cherehani. Cherehani yangu inakaa kwenye baraza la duka moja Same mjini, na Januari ndiyo mwezi wangu, kwa sababu ya sare za shule. Mwenye duka alinipigia, nikampokelea pale kwenye jiwe la nyuma ya zizi, akaniambia bila kuzunguka kwamba shule zikifunguliwa sijarudi, nafasi anampa mwingine. Nikamwambia nitakuwepo. Miezi mitatu ilikuwa inaisha Desemba, sikuona shida.

Shida ilikuja kwa miguu, imevaa koti na imeshika fimbo. Baba mkwe alishafariki, kwa hiyo mwenye sauti pale nyumbani ni kaka yake, baba mkubwa wa mume wangu. Alikuja mchana, akapewa chai, akanywa, akapewa nyingine. Kikombe kilipoisha akatamka kwamba mzazi hashuki. Atakaa mpaka tangawizi ya shamba la juu ing'olewe. Yaani katikati ya mwaka. Joto la Same litamdhuru mtoto, na mikono inahitajika shambani.

Nilimjibu. Nilimjibu vizuri tu, na sauti ilifika kwa majirani. Nilimwambia mtoto nimezaa mimi, nilimwambia Same kuna watoto tele wala hawajayeyuka, nikamalizia kwamba nitaitisha kikao cha ukoo. Sisi Wapare wanatusema kwamba tuko radhi kuuza ng'ombe ili kushinda kesi ya kuku. Sikatai. Siku ile ningeuza na zizi.

Baba mkubwa hakukasirika hata kidogo. "Itisha," akasema. "Mwenyekiti ni mimi."

Nikamgeukia mama mkwe. Nilitegemea aseme neno moja tu. Alikuwa anakusanya vikombe.

"Ndiyo, shemeji," akasema.

Siku hiyo sikucheza gemu. Wala sikumsemesha mama mkwe mpaka kesho yake, na kwangu mimi kunyamaza ni ugonjwa.

Lakini kesho yake nilicheza, na ndipo binti akanipa akili. Alikuwa amefika sehemu ambayo wazee wamemwambia kabisa kwamba safari ya mfereji haipo, ahesabu imekufa. Akainama, akafunga kamba, akasema sawa. Na kuanzia hapo, kila anapokwenda kuwasha taa za lango, anadondosha kitu kimoja nje ya ukuta. Leo kamba. Kesho blanketi. Kesho kutwa mkate. Mlinzi anamwona anarudi mikono mitupu, anamsalimia. Mimi kule nyuma nilikuwa nimemwita mwoga. Mwoga gani anahama mbele ya macho ya mlinzi?

Kila siku ya soko gari la tangawizi linapanda kutoka Same kuja kupakia. Dereva wake amesoma na mume wangu. Soko lililofuata nilimpa beseni la kuogeshea mtoto, akalichomeka katikati ya magunia. Soko jingine, nguo nzito za mtoto. Jingine, mfuko wangu wa mikasi na vyombo vyangu viwili vitatu. Baba mkubwa alipopita kukagua, alinikuta nimekaa jikoni nanyonyesha.

"Umetulia sasa," akasema.

"Nimetulia, baba."

Kulitamka neno lile ilikuwa kama kumeza tangawizi mbichi bila kutafuna.

Kisha mume wangu akapiga simu. Mizigo inafika, chumba kinaanza kupendeza, lakini ana swali.

"Kinu cha nini?"

"Kinu gani?"

"Kinu kidogo. Kimekuja na mchi wake, kimefungwa kwenye kanga. Na maharage ndoo nzima."

Mimi sikupeleka kinu. Nikamwambia dereva amechanganya mizigo ya watu, akirudishe. Nikaondoka kwenye jiwe nikiwa nimechanganyikiwa, nikaingia jikoni, nikamkuta mama mkwe anafunga blanketi kubwa, lile la kitandani kwake, kwa kamba ya katani.

Hakushtuka. Aliyeshtuka ni mimi.

"Umetanguliza beseni," akasema, akikaza fundo, "ukasahau cha kutwangia lishe. Mtoto akifika Same atakula nini, beseni?"

"Mama, ulijua?"

"Nyumba yangu hii. Kikipotea kijiko najua, sembuse beseni."

"Na baba mkubwa ulimwambia ndiyo."

"Nimeolewa hapa kabla mumeo hajazaliwa," akasema. "Sijawahi kumwambia shemeji hapana. Hata siku moja. Shamba la chini alisema nipande mahindi."

"Si umepanda maharage? Haya tunayokula."

"Kando ya njia nimepanda mistari miwili ya mahindi. Yeye anapita njiani."

Nilikaa chini. Nilicheka na nilikuwa na hasira kwa wakati mmoja, hilo nalo linawezekana, waulize walioolewa.

"Sasa kwa nini usinieleze, nikaacha kukununia?"

"Kukueleza wewe? Ungemjibu nalo." Akanipa upande mmoja wa kamba nivute. "Wewe ukikataa, unataka na yeye ajue umekataa. Yule binti yako hana shida ya kujulikana. Shida yake ni mfereji."

"Kwa hiyo unanisaidia."

"Nani anakusaidia? Nataka chumba changu niweke mbegu. Halafu unaongea mno, mtoto atakuwa kiziwi."

Siku ya kushuka aliichagua yeye. Ilikuwa siku ya msaragambo, kijiji kizima kinatoka na majembe kuzibua mfereji wa maji ya mashamba, na msimamizi, nani mwingine, baba mkubwa. Mzazi anasamehewa kazi hiyo. Gari lilisubiri nyuma ya mgomba wa mwisho. Mama mkwe alimfunika mtoto, akaniangalia nikipanda mbele kwa dereva, akasema nikifika nisipige simu, atapiga yeye. Hakunikumbatia. Alikuwa na jembe begani, anachelewa msaragambo.

Jioni akapiga. Shemeji alikuwa ameuliza.

"Ukamwambia nini, mama?"

"Nimemwambia umeshuka kliniki."

"Akasemaje?"

"Akauliza unarudi lini. Nikamwambia mambo ya kliniki hayana mwenyewe."

Na kliniki nilikwenda kweli, kesho yake asubuhi, ili mama asiwe mwongo. Mchana nilikuwa kwenye baraza. Mwenye duka aliniona, akaondoa ndoo alizokuwa ameziweka kwenye nafasi yangu.

Mimi sijageuka mtu mwingine. Bado naamini kuna watu wanatakiwa kujibiwa usoni na kwa sauti, na kondakta wa wiki iliyopita ni shahidi. Lakini yule binti simtukani tena, na la tatu silibonyezi ovyo.

Shule zilipokaribia kufunguliwa, baba mkubwa alishuka Same kwa shughuli zake. Nikainua macho kutoka kwenye sketi ya bluu, nikaona fimbo.

"Shikamoo, baba."

"Marahaba. Hii ndiyo kliniki?"

"Iko hapo mbele, baba. Karibu ukae."

Alikaa kwenye benchi la wateja. Koti alilivua mwenyewe, joto halikumbembeleza. Mtoto alikuwa amelala juu ya robota la kaki, amebaki na nepi tu, amenona mashavu mpaka shingo haionekani. Baba mkubwa alimtazama kwa muda akitafuta mahali palipoyeyuka. Kisha akachukua kipande cha boksi ninachokatia kola, akaanza kumpepea.

"Utapanda lini?"

Yalikuja yote. Mtoto nimezaa mimi, baraza hili langu, kikao, mwenyekiti, yalipangana mdomoni kama wanafunzi wa paredi. Nikakata uzi kwa meno.

"Nitapanda, baba. Nimalizie sare hizi kwanza."

Aliangalia rundo. Akaangalia foleni ya akina mama waliosimama na watoto wao wa kupimwa. Akaendelea kupepea mpaka muda wa gari lake ulipofika. Aliposimama alinikabidhi boksi.

"Ukimaliza hizo, upande."

"Ndiyo, baba."

Gari lake halijatoka stendi, nilikuwa nimeshapokea kitambaa cha shule nyingine.