Mimba ya Vitenge Viwili

Hakuna kitu kinachonitia kinyaa kama filamu ya nyimbo sehemu ya pili. Wadudu wanaoelea juu ya maharage ya shule nimewazoea, nawasogeza pembeni kwa kijiko naendelea kula. Lakini sehemu ya pili siiwezi. Nimeona nyingi kwenye banda la video hapa Runazi, zile za nje zilizotafsiriwa na yule mtu anayepayuka juu ya nyimbo zenyewe, na zote zina ugonjwa mmoja. Sehemu ya kwanza binti anataka kitu. Anakililia, anakiimbia, na wewe uliyekaa kwenye benchi unasahau kwamba nyumbani hukuteka maji. Sehemu ya pili binti hataki tena chochote. Wanaotaka ni wengine. Wanataka auimbe tena ule wimbo, polepole zaidi, huku mtu anakufa.

Ningenyamaza, maana kila mtu na ladha yake, kama mwaka huu sehemu ya pili nisingekuwa mimi.

Naitwa Nice. Baba yangu ni Audax, Mhangaza wa Murukulazo kule Ngara, aliyehamia huku Biharamulo kufuata shamba kabla sijazaliwa. Nasoma kidato cha nne, shule ya kata. Nikifaulu nataka kusoma Fizikia, Jiografia na Hisabati, kisha niwe mpima ardhi. Watu wakisikia hivyo wanauliza kama nimekosa kingine cha kutaka. Hawakuwepo siku ile nikiwa darasa la tatu, baba na jirani wakitunishiana misuli na mapanga mkononi kwa sababu ya mpaka wa shamba la mihogo. Akaja mwanamke mmoja na chombo chake cha miguu mitatu, akachungulia, akaandika, akasema mpaka ni hapa. Wanaume wazima wakashusha mapanga, wakaanza kuulizana habari za watoto. Tangu siku hiyo sijawahi kutaka kazi nyingine.

Sasa, tulipokuwa kidato cha pili alikuja shuleni kwetu Frednand, mpiga video za harusi wa mjini Biharamulo, akitafuta wanafunzi wa kuigiza filamu ya nyimbo aliyoitunga mwenyewe. Ilihusu binti anayeitwa Leokadia, ambaye baba yake anamtaka shambani naye anataka shule. Nilichaguliwa mimi kwa sababu naimba kwaya ya vijana kigangoni na sauti yangu haihitaji kipaza sauti. Tulirekodia nyumbani kwetu, katika mihogo yetu, nikiwa na sare yangu. Baba wa Leokadia akawa baba yangu mwenyewe, kwa kuwa alikuwepo na hakuwa na kazi siku hiyo. Nikaimba, "Baba nipe kalamu, jembe halikimbii," na mwisho naondoka na godoro kichwani kwenda kusoma niwe daktari. Nilimwomba Frednand anifanye mpima ardhi. Alisema koti jeupe linaonekana vizuri kwenye kamera.

Hata hivyo niseme ukweli, ilikuwa filamu nzuri. Ilitembea kwenye memori kadi za simu, duka kwa duka, ikafika Nyabusozi, ikavuka mpaka Ngara. Akina mama walilia. Watoto wadogo waliniita Daktari, na wazee nao wakaniita Daktari, na jina lenyewe sikulipenda, ila nilipenda namna walivyonitazama walipolitaja. Walinitazama kama mtu anayekwenda mahali.

Mwaka huu, ilipobaki miezi michache tufanye mtihani, mkuu wa shule akaniita ofisini. Mwalimu Idefonsi ni mtu wa tai kila siku, hata Jumamosi. Nilimkuta na Frednand, kila mmoja na soda yake.

"Shikamoo mwalimu."

"Marahaba, Daktari. Kaa. Tunataka kuimalizia hadithi ya Leokadia, tuionyeshe siku ya mahafali yenu, wazazi wote wakiwepo."

Nikaona Leokadia yuko kidato cha tano, nikaanza hata kufikiria nitakavyomshawishi Frednand juu ya kile chombo cha miguu mitatu. Kumbe nilikuwa nahesabu vifaranga na kuku bado yuko kwenye mayai. Frednand akaeleza. Leokadia anapewa lifti na dereva wa bodaboda. Leokadia anapata mimba. Mkuu wa shule anamfukuza, baba yake analia, na Leokadia anajifungulia shambani, mvua ikinyesha.

"Lakini alishaondoka na godoro," nikasema.

"Anarudi nalo."

"Kwa nini asifaulu tu?"

"Akifaulu nani atalia?" Frednand aliniuliza kwa huruma, kama ananifundisha kazi. "Filamu isiyoliza watu ni tangazo la sabuni."

Mwalimu Idefonsi akanyoosha tai. "Hili ni fundisho kwa watoto wa kike, Nice."

"Na wa kiume, mwalimu?"

"Hao nao watajifunza humo humo."

Nilikataa. Nilikataa kwa adabu, mikono nyuma, lakini nilikataa. Nikaenda nyumbani nikamweleza baba nikijua atanitetea, kwa sababu baba yangu si mtu mbaya. Akanisikiliza mpaka mwisho akinoa jembe, kisha akasema, "Mwanangu, ukikataa watasema una la kuficha. Nani anaogopa kuigiza mimba kama mwilini hana kitu?"

Sijawahi kusikia hoja mbovu kama ile, na ilinishinda. Niligeuza kila upande nikaona kweli, ndivyo watakavyosema. Basi nikakubali kuonekana nina mimba ili watu wasidhani nina mimba. Ukiniuliza akili yangu ilikuwa wapi, nitakuambia ilikuwa nyumbani kwetu, inamtii baba.

Siku ya kurekodi, Madam Ernesta, matroni wetu, alinifunga vitenge viwili tumboni chini ya sare. Mkuu wa shule akarudi nyuma hatua chache, akainamisha kichwa, akasema, "Ongeza kidogo." Dereva wa bodaboda alikuwa Hakizimana wa darasani kwetu, ambaye hajui hata kuwasha pikipiki. Walimsukuma kutoka nyuma. Mkuu wa shule aliigiza mkuu wa shule, akanionyesha geti kwa kidole, akaimba. Ndiyo, aliimba, na Mungu anisamehe, nilitamani mimba ile iwe ya kweli nipate kisingizio cha kutapika. Kisha nikapiga magoti kwenye mihogo yetu, baba akashika kichwa kwa mikono miwili kando yangu, nikaimba kwa sauti ile ile ya wimbo wa kwanza, ila polepole, "Kalamu imeanguka, nani ataiokota." Mvua ilikuwa ndoo ya maji na majani ya mgomba. Mtoto alikuwa wa jirani, na alilia vizuri kuliko sisi wote.

Frednand aliapa haitatoka kabla ya mahafali. Haikupita wiki, ikawa kila duka la Runazi. Alisema ameonjesha tu.

Hapo ndipo nilipoona sehemu ya pili ya sehemu ya pili. Hakizimana akawa mfalme. Wavulana walimwita Baba Mtoto, wakampigapiga mgongoni, na madereva halisi wa bodaboda wakawa wanampakia bure. Mimi nilipofika bombani akina mama wote walinitazama usoni, kisha tumboni, kisha wakainamia ndoo zao. Mwenyekiti wa kwaya alinishauri nipumzike mpaka hali itulie.

"Hali gani, mama?"

"Unaijua mwenyewe."

"Mama, vile vilikuwa vitenge! Madam Ernesta ndiye alinifunga!"

"Kitenge hakimnenepeshi mtu uso," akasema, akaenda zake.

Watu hawa wamelima jirani yetu miaka yote. Wanaijua mihogo ile, wanaijua sare yangu yenye kiraka begani, wanamjua baba yangu. Labda ndiyo sababu. Kila walichokiona kwenye simu kilikuwa cha kweli isipokuwa kitu kimoja, na hicho kimoja hawakuwa na haja ya kukiuliza, kwa kuwa walikuwa wakikingoja. Binti mwenye maneno mengi ya shule lazima aanguke. Koti jeupe lilikuwa la kuwaliza. Tumbo ndilo waliloliamini tangu mwanzo.

Kisha mkuu wa shule akaniita tena. Safari hii hapakuwa na soda.

"Nice, maneno yamekuwa mengi. Sisi hatukushuku hata kidogo. Ila tukupime tu, tuondoe maneno."

Nilimtazama yule aliyesema ongeza kidogo. Nikamtazama Madam Ernesta, ambaye lile fundo alilifunga kwa mikono yake. Yeye alikuwa anatazama sakafu, na mkononi ana kopo. Nilikwenda chooni na kopo lile, nikarudi nalo, na sitaeleza zaidi. Walipima. Hakuna kitu.

"Tunamshukuru Mungu," akasema Mwalimu Idefonsi, utadhani ni Mungu aliyenifunga vile vitenge.

"Mwalimu, naomba utangaze mstarini."

"Hapana, hapana. Majibu ya vipimo ni siri ya mtu. Tunalinda heshima yako."

Yaani uongo ulikuwa wa watu wote, ukaimbwa mpaka Ngara, lakini ukweli ulikuwa wangu peke yangu, nikae nao. Nilitoka ofisini mle mate yamenijaa mdomoni. Nikayatema kwenye maua ya mkuu wa shule, na sijutii.

Lakini nilikuwa bado nakwenda shule. Kilichonikalisha nyumbani ni baba. Jioni moja tunapukuchua mahindi, akaniuliza bila kuinua macho, "Nice, vilikuwa vitenge tu?"

Alikuwepo! Alishika kichwa kando yangu, na Frednand alimfanya arudie mara tatu kwa sababu alikuwa anacheka. Kesho yake sikuvaa sare, wala kesho kutwa. Mama alinibembeleza, nikamwambia mtihani wafanye wao, Leokadia ameshafeli. Zilikuwa zimebaki wiki mbili. Nililala juu ya kitanda mchana kutwa nikitazama paa, na ule mpango wangu wote wa ramani na vipimo nikauona ni upuuzi wa mtu aliyejisahau.

Siku ya tatu akaja bibi.

Bibi Domisiana ni mama yake baba, anaishi Murukulazo, na hasafiri. Hakuja ubatizo wangu, hakuja kipaimara. Kiswahili chake kinaishia kwenye salamu. Siku hiyo alipanda gari alfajiri, akabadilisha gari Lusahunga, akakaa juu ya pikipiki kwa mara ya kwanza maishani, akashuka uani kwetu akiwa amevaa gauni la Krismasi na mfuko kichwani.

Kumbe aliiona filamu sokoni, kwenye simu ya kijana mmoja. Hakuelewa neno hata moja la nyimbo zile. Aliona tu kwa macho. Alimwona mjukuu wake ana tumbo, mtu wa tai anamwonyesha geti, kisha mjukuu huyo huyo yuko chini kwenye mihogo na mvua, na kichanga kinalia.

"Shikamoo mama," baba alianza, akampokea mfuko. "Mama, ile filamu ni ya kuigiza..."

"Nyamaza," bibi akamwambia kwa Kihangaza. "Nilikuona. Mtoto wako yuko chini, wewe umeshika kichwa chako badala ya kumshika yeye."

Baba akabaki na mfuko mikononi.

Bibi akamnyang'anya, akaingia chumbani kwangu, akakaa kitandani, akafungua mfuko. Alitoa unga wa mtama wa uji wa mzazi. Alitoa ingobyi, ile nguo ya kubebea mtoto mgongoni, imefuliwa na kukunjwa. Akauliza mtihani ni lini. Nikamwambia. Akahesabu kwa vidole, akaridhika.

"Basi nimewahi," akasema. "Mtihani hauandikwi na mtoto mgongoni. Mimi nitakaa naye nje ya darasa lako. Akilia nitakuita dirishani, umnyonyeshe, urudi ndani uandike. Wakinifukuza nitakaa barabarani, barabara si yao. Yuko wapi?"

Watu wote walionijua miaka yote walinitazama tumbo wakanihama. Huyu aliyeamini kila kitu, mimba, kufukuzwa, mtoto, vyote, alikuja na uji. Nililia kama mjinga. Yeye akaningoja nimalize, kisha nikamweleza kwa Kihangaza changu kibovu kwamba mtoto hayupo, hajawahi kuwepo, ni vitenge viwili na mtoto wa jirani, na watu hawaamini.

Alinishika tumbo kwa kiganja kikavu, akabonyeza, akaondoa mkono. Akamtazama baba aliyekuwa amesimama mlangoni, akanitazama mimi.

"Kama mtoto hayupo," akasema, "wewe hapa nyumbani unalea nini?"

Nje yule dereva wa pikipiki aliyemleta alikuwa bado anangoja nauli yake, nikamwita asiondoke, nikaanza kutafuta sare yangu.