Pikipiki ya Mama Iliyokaa Stoo

Mama alipotaka kuezeka upya nyumba yetu ya Makanyagio kabla ya mvua, kitu pekee cha kuuza kilikuwa pikipiki yake ndogo ya pedeli, iliyokaa stoo miaka sita chini ya magunia. Mita ilisoma kilomita mia tatu na kidogo. Mimi, mjuaji wa familia, nikakata shauri palepale: kisichotumika ni kipya, na bei ya kipya ni mabati ya nyumba nzima.

Fundi pikipiki niliyemwita alinicheka. Alibonyeza tairi, nyufa zikajitokeza. Akafungua kabureta, petroli ya zamani ilikuwa imeganda humo kama gundi.

"Dada, chuma kikilala kinaoza. Hapa unauza skrepa yenye taa."

Kwa bei yake tungeezeka jiko tu. Nilikasirika, nikanunua tairi mpya, nikamwambia aisafishe yote. Ikawaka.

Mnunuzi alitoka Sibwesa, mzee wa Kisukuma mwenye mifugo. Kabla hajafika nilimpangia mama maneno: akiulizwa, aseme alikuwa anakwenda nayo kanisani Jumapili tu. Lakini mzee hakuigusa taa wala tairi. Alikaa, akanywa maji, akamgeukia mama.

"Mayu, sisi hatununui ng'ombe bila kuambiwa habari zake. Maksai asiyelima ana sababu. Hii mbona haikutembea? Inaumwa nini?"

Nilimkazia mama macho. Hakuniangalia.

Alimweleza kwamba yeye ni mkunga wa zahanati kule Misunkumilo. Aliinunua ikiwa bado mpya, kwa mshahara wake, kwa mmisionari aliyekuwa anarudi kwao, ili awahi kazini. Aliipanda mwezi mmoja. Vijana wa mtaani walimpigia miluzi, eti mwanamke gani huyu anatanua miguu juu ya pikipiki.

"Hao sikuwajali," alisema. "Ila binti yangu alitoka shule analia, akasema harudi huko mpaka niiache. Nikaiacha."

"Huyu hapa?"

"Huyu huyu."

Nilitamani ardhi ipasuke. Miaka sita alikwenda kazini kwa miguu, jua na mvua, na mimi nilikuwa nimesahau kwa nini. Nilisahau kabisa, hiyo ndiyo aibu yangu.

Mzee alitikisa kichwa taratibu. "Kumbe ni nzima. Basi itembeze, mayu, niuone mwendo wake."

Mama alikaza kitenge, akapiga pedeli, akashika njia ya sokoni. Akageuza pale kwenye kona bila kuweka mguu chini, akarudi, uso unacheka. Mzee akataja bei, na mabati yakatosha nyumba nzima.

Mimi sikusikia vizuri ni kiasi gani. Ilikuwa mara yangu ya kwanza kumtazama mama akiendesha, maana mwezi ule wote kila alipopita niligeuza uso. Alikuwa anaendesha vizuri sana.