Mpaka Kwenye Mlango

Sisi watu wa Kivu tuna maswali yetu. Kijana akija kuposa, hatuanzi na kazi yake wala kanisa lake. Msemaji wa familia anamwuliza anatoka provensi gani, teritwari gani, grupma gani, anamshusha hivyo hivyo mpaka kijijini. Akikwama njiani, soda zinabaki na vifuniko vyake, na wageni wanarudi walikotoka. Ngazi hizo zote tulipangiwa na Wabelgiji, lakini nenda wewe kamwambie kaka yangu.

Kaka ndiye alikuwa msemaji siku ya posa ya binti yangu, hapa kwangu Berea, mtaa wa Durban, kwa sababu baba yake alishafariki. Ni mtu wa sauti ya mkutano hata anapoomba chumvi. Kijana mwenyewe amezaliwa Durban, anafanya kazi bandarini, na alikuja na bibi yake tu, Mmakonde wa Msumbiji. Bibi alikimbilia Mtwara akiwa msichana, wakati wanapigana na Mreno, na Kiswahili chake ni cha huko, kitamu, kinakishinda changu. Binti yangu alijibanza jikoni akisikiliza. Alikuwa hajala tangu jana, na mimi sikuwa na la kumfariji, maana kwetu harusi bila mjomba haiko.

Bibi alipoulizwa, alijibu bila kusita. Distrito ni Cabo Delgado. Chini yake ni sirkunskrisao ya Wamakonde, chini yake posto, na chini ya posto ni rejedoria ya babu yake. Kaka akatoa simu. Akatafuta, akarudia, akakunja uso. Akasema hiyo sirkunskrisao haionekani kwenye ramani yoyote, na watu ambao kwao hakuonekani ni wa kuangaliwa vizuri. Jamani, niliona aibu mpaka masikio yakawaka moto. Nilimkanyaga mguu chini ya meza, naye akasogeza kiti.

Bibi hakukasirika. Alimweleza polepole kwamba Mreno ndiye aliyeikata nchi hivyo. Kila posto ilikuwa na mkubwa wake mweupe na bendera yake. Chini yake kulikuwa na chifu wa rejedoria, ndiye aliyejua nani anakaa wapi, na ndiye aliyetumwa kuwatoza kodi. Uhuru ulipokuja, sirkunskrisao zikafutwa. Yeye alikuwa ameshaondoka, kwa hiyo alibaki na majina aliyoondoka nayo, na hakuna aliyekuja kumbadilishia.

Kaka akatikisa kichwa, akaanza kusema kwamba yeye mtu wa Kivu hawezi kumtoa mtoto kwa watu wa mahali palipofutwa. Hapo uvumilivu ukaniishia.

"Kaka, hiyo Kivu yako iko wapi leo?" nikamwuliza. "Iko ya Kaskazini, iko ya Kusini, iko Maniema. Provensi uliyozaliwa nayo waliikata vipande. Itafute basi kwenye simu, tuone kama na wewe umefutika."

Bibi akajifanya anarekebisha kilemba. Kaka akaigeuza simu kifudifudi mezani. Akaniambia mdomo wangu utaniponza, lakini hakuinuka, na mimi namjua, akiwa amekasirika kweli huwa anainuka.

Akamgeukia kijana. "Unajua kwa nini tunauliza hivi vyote? Siku binti yetu akilia, tunataka kujua tubishe mlango gani."

Kijana akakaa sawa. Akataja ya kwake, moja moja, kama alivyosikia wakubwa wakifanya: KwaZulu-Natal, Durban, Berea, kona ya kushoto ukishapita robot, zile taa za barabarani, ghorofa ya pili, mlango wa bluu. Akaongeza kwamba bibi hafungi kitasa mpaka yeye arudi kutoka zamu, kwa hiyo mjomba hata kubisha asihangaike.

Nilishika ukingo wa kiti. Kaka akanyoosha mkono, akaomba kifungulio, akafungua Fanta na kummiminia bibi kwanza.

Jikoni tukasikia mtu ameangua kilio.

"Eish," kaka akasema, bado ameshika chupa. "Mlango wa bluu, umesema? Huyu ameanza kulia kabla sijajua njia."