Dawa za Pande Mbili

Akili yangu ilipoanza kuniaga, haikuwa na haraka. Nilikuwa nikitoka nyumbani Busia, upande wa Uganda, nakwenda kufundisha chuo kikuu, Busitema. Nasimama mbele ya darasa, na maneno yananipita juu kama mawingu, nami nayatazama kwa mapenzi bila kulishika hata moja. Wanafunzi walingoja kwa heshima. Nadhani waliamini ni falsafa.

Kisha mikono ikaanza kutetemeka, na ardhi ikawa laini kama godoro. Siku moja sokoni Tororo niliuona ule mwamba mkubwa wa mji ukielea juu ya vumbi la kiwanda cha saruji, ukisogea taratibu kama ng'ombe arudiye zizini. Nikasogea kando.

"Baba watoto, unampisha nani?" akauliza mwanamke aliyenishika mkono. Nilimtazama muda mrefu kabla ya kukumbuka kwamba ni mke wangu.

Hapo niliogopa. Baba yangu alikufa akiwa hamtambui mama. Nilijua zamu yangu imefika, tena mapema.

Mke wangu alinipeleka moja kwa moja kwa daktari.

"Mwalimu, toa ulimi."

Nikautoa. Ulikuwa mweusi kama masizi.

"Unakunywa dawa gani?"

Mke wangu akamimina mkoba mezani. Sisi watu wa mpakani tunaamini kwamba dawa kali ni ya upande wa pili. Wakenya wanavuka kununua kwetu, sisi tunavuka kununua kwao. Mimi, msomi, sikutaka kupendelea nchi. Kwa miezi mingi, vidonda vyangu vya tumbo vilipata dawa ya maji ya Kenya na vidonge vya Uganda, kila mlo.

Daktari alisoma chupa, akasoma pakiti, akacheka kidogo.

"Hii ni dawa moja, majina mawili. Ina bismuthi, aina ya metali. Ikizidi mwilini inapanda kwenye ubongo."

"Kwa hiyo hajarogwa?" mke wangu akauliza.

"Kajiroga mwenyewe, mama. Aziache zote mbili. Wengi hurudi, ila polepole."

Nilirudi polepole kweli. Mikono ilitangulia, miguu ikafuata. Asubuhi moja, mvua ikigonga mabati, kitu kilinijia kizima kizima.

"Mama watoto, kabla sijaugua tuligombana. Juu ya ng'ombe wa dada yako."

Aliacha kukanda unga. Machozi yakamlenga.

"Na nani alikuwa na haki?"

"Wewe."

Akanigusa paji la uso.

"Bado hujapona," akasema.