Michembe Juu ya Gunia la Mrututu

Wakati wa habari ninayotaka kukusimulia, mwanangu, nilikuwa nimemaliza chuo miezi michache tu kabla, sina kazi, nikakaa Kwihara kwa baba mkubwa kusaidia bustani ya nyanya. Imenirudia juzi mama yako aliponipigia simu kuniambia umepata kazi kwenye ghala la pembejeo hapo mjini. Alifurahi sana. Mimi pia nilifurahi, halafu, kama unavyonijua, nikakaa nikaanza kuwaza magunia. Mimi ni mama yako mdogo tu, bado sijafika umri wa kukalishwa kwenye kigoda na kuombwa nasaha. Lakini hili nimelibeba muda mrefu, na sitaki ulijifunze kwa njia niliyojifunza mimi.

Mrututu unaujua. Karibu kila nyumba ya kwetu iliwahi kuwa nao, kijiwe cha bluu ndani ya karatasi, bibi anakisaga kidogo na kukiweka kwenye kidonda kisichotaka kupona. Ndiyo maana hakuna anayeuogopa. Lakini ule wa baba mkubwa ulikuwa unga, gunia zima, uliotengenezwa kwa matumizi ya viwandani. Aliununua kwa mtu aliyekuwa akiuleta kutoka Mwanza, akawa anauchanganya na maji na chokaa na kupulizia nyanya zisishikwe na ukungu. Dawa ilifanya kazi. Nyanya zilikuwa nzuri, hilo sitakuficha.

Namna alivyouchanganya ndiyo iliyoninyima raha. Alichota kwa mkono mtupu. Upepo wa kiangazi unavuma, unga unaruka, unamwingia puani, anapiga chafya, kisha anafuta macho kwa mkono ule ule. Alitumia ndoo ya bati, na baada ya muda ndoo ikafanya wekundu ndani, mwishowe ikatoboka. Baba mkubwa akaigeuzageuza, akasema ndoo za siku hizi ni karatasi. Mimi nilijua kosa si la ndoo. Nilikuwa nimesoma kemia. Nilijua kwamba ndani ya mrututu mna shaba, kwamba maji yake hula chuma, na kwamba kitu kinachotoboa ndoo hakiwezi kuliacha jicho la mtu salama. Lakini nilikuwa nimeshasema siku ya kwanza kwamba labda avae glavu, na watoto wake wakacheka hadi wakakaa chini. Tangu hapo wakaniita Bi Tahadhari. Nikichemsha maji ya kunywa, Bi Tahadhari. Nikirudi jikoni kuangalia kama moto umezimika, Bi Tahadhari. Nikaona bora ninyamaze.

Gunia likaisha. Mama mkubwa, mke wake, hakuwa mtu wa kutupa gunia, na ni mwanamke gani wa kwetu anayetupa gunia? Alilikung'uta, akalifua kwenye beseni, akalichana ubavuni na kulitandaza juu ya jabali nyuma ya nyumba. Juu yake akaanika michembe. Umewahi kushika viazi vitamu vilivyomenywa na kukatwa vipande: vibichi, vinateleza, vinatoka maji. Vilikaa pale juani mpaka vikakauka vyote juu ya kitambaa kile.

Niliona bluu kwenye mshono. Ilikuwa mistari myembamba kama ya wino, pale uzi unapopita na maji ya kufulia hayafiki. Vipande vilivyogusa mshono vilikuwa na madoa ya kijani. Niliviokota nikavitupa, nikajiambia yamekwisha. Halafu nikawaza, na vile ambavyo doa halionekani? Halafu nikawaza, pengine ni kidogo mno, hata mwili wenyewe unahitaji shaba kidogo. Halafu nikakumbuka kwamba huu ni wa viwandani, haukusafishwa kwa ajili ya tumbo la mtu, na unaweza kuwa na mabaki ya madini mabaya zaidi. Nikisema, mama mkubwa atatupa viazi alivyolima kwa mgongo wake. Na kama nimekosea je? Kila asubuhi nilimwamkia, shikamoo mama mkubwa, naye akaitika marahaba mwanangu, akasubiri kama mtu anayejua kuna neno linafuata. Mimi nikaulizia kuku.

Kilichonikosesha amani zaidi ni mahali michembe ile ilikokuwa inakwenda. Binti yake Pili, aliyeolewa Ulyankulu, alikuwa amejifungua, na nyumbani kwake kulikuwa na watoto wengine wadogo wanaopenda michembe ya bibi yao kuliko wali. Ile ilikuwa yao.

Siku ya safari ikafika. Kiroba cha michembe kimefungwa nyuma ya baiskeli, kaka ameshika usukani ampeleke mama yake kituo cha basi, na mama mkubwa amejifunga khanga mpya. Nikashika kiroba. Nikasema labda aende wiki ijayo, njiani kuna vumbi. Akaniangalia. Nikasema labda Pili amechoka na michembe, apelekewe mchele.

"Bi Tahadhari leo anaogopa hata viazi," kaka akasema.

Mama mkubwa hakucheka. Akauliza taratibu, "Kuna nini kwenye hicho kiroba?"

Nikamwambia. Gunia, mshono, ndoo iliyotoboka, mtoto anavyoweza kuungua tumbo na kutapika, ini na figo. Nilisema vyote kwa mpigo, sijui hata kama vilipangika. Alipoelewa, akamwambia kaka afungue kamba.

"Umelijua hili tangu lini?"

"Tangu ulipoanika, mama mkubwa."

Aliweka mkono juu ya kiroba. Nilidhani atanikasirikia kwa sababu ya viazi.

"Kila asubuhi shikamoo, shikamoo," akasema. "Heshima gani hiyo, mwanangu? Uniache nimpelekee mjukuu wangu sumu kwa mikono yangu, ili mimi nisione aibu na wewe usichekwe? Ungekosea, ningelima viazi vingine. Mtoto wa Pili ningemlima wapi?"

Nikasaidia kukishusha kiroba.

Kaka, aliyekuwa ameacha kucheka, akasema basi wapewe kondoo. Nikamwambia hapana, kondoo hudhuriwa na shaba upesi kuliko wanyama wengi. Tulichimba shimo mbali na kisima, tukafukia michembe pamoja na gunia. Mama mkubwa akasafiri na kuku. Baba mkubwa alipohadithiwa, mara iliyofuata alichanganyia kwenye ndoo ya plastiki, amefunga kitambaa puani na kuvaa miwani aliyoazima kwa fundi wa kuchomelea, akituuliza kama tumewahi kuona rubani wa nyanya.

Sasa nisikilize, mwanangu. Ghalani utakutana na unga wa kila rangi, na mwingine utakuwa na jina ulilolizoea tangu utotoni. Usiuamini kwa sababu ya mazoea. Soma kila alama kwenye gunia, na usiyoielewa uliza kabla ya kufungua. Vaa glavu, miwani na barakoa hata wenzako wakiona unajifanya. Ukimwagika usiufagie mkavu, maana utauvuta kifuani. Funika kwa kitambaa kibichi, uzoe taratibu, na maji yake yasielekezwe mtaroni. Usile humo ghalani. Nguo za kazi zisifuliwe na za watoto. Ukiingia jichoni usipikiche, mwagia maji safi kwa muda mrefu kisha nenda hospitali. Mtu akiumeza, msimtapishe. Mpelekeni haraka na pakiti yake ili daktari aione. Na usiupime kamwe kwenye vifuko visivyo na jina, mteja akakuta nyumbani unga usiojulikana karibu na chumvi.

Haya yote utafundishwa. Gumu ni hili lingine. Watakuja kina mama kuomba magunia matupu, wengine wa umri wa bibi yako, watakuita mjukuu wangu, na utaona haya kuwanyima. Waamkie vizuri. Wape kiti. Halafu uwaambie wazi kwamba gunia hilo halifai kuanikia chakula, na uwaambie kwa nini, hata sauti ikitetemeka. Wakikucheka, rudia. Usingoje uwe na uhakika wa kila kitu, kwa sababu mimi niliungoja na haukuja, na kiroba kilikuwa kimeshafungwa.

Mungu akulindie macho yako na kifua chako, mwanangu. Akupe ulimi usiochelewa, na wale utakaowanyima gunia leo wakuombee heri wakiwa wamekaa na wajukuu zao, wazima.